Kwangu pauni 8, kwake pauni 9.07: eBay ya Uingereza kwa sisi tunaouza vya kabatini

Viatu vyenyewe vilikuwa vya shule, vyeusi, Clarks, namba 13 ya watoto. Mwanangu alivivaa muhula mmoja, kisha mguu ukavikataa. Nikavipiga brashi, nikaviweka juu ya kochi, nikapiga picha tatu, nikaviandikia pauni 8 kwenye eBay, soko la mtandaoni, na kuondoka zangu kazini. Hiyo ilikuwa Februari 2025. Jioni wifi yangu wa Birmingham akanipigia. Alikuwa anamtafutia mwanawe viatu vya mtumba mtandaoni, akakutana na kochi langu.

"Wifi, hili doa la chai nalijua. Ila viatu umevitia bei!"

"Bei gani? Pauni nane hizo."

"Nane wapi? Mimi naona tisa na peni saba."

Akabisha yeye, nikabisha mimi, mpaka akapiga picha ya skrini akanitumia. Kweli: £9.07. Nikafungua tangazo langu mwenyewe: £8.00. Picha ni zilezile, doa la chai ni lilelile, na kiatu kimoja kina bei mbili. Viatu nilimpelekea bure, maana huwezi kumuuzia wifi yako kiatu cha mtoto kisha ukaenda kulala nyumbani kwake Idi. Lakini ile peni saba ilinikaa kichwani, nikaanza kufuatilia. Haya ninayoandika ni mapitio ya mtu ambaye si mfanyabiashara. Nahudumia wazee majumbani hapa Leicester, kwa zamu, na ninachouza ni kile ambacho nyumba imekitapika: viatu vilivyobana, Lego, vitabu vya watoto, vyombo vya zawadi ambavyo hakuna aliyeviomba.

Aliyewahi kutumiwa pesa kwa simu hahitaji kufundishwa jambo hili. Mama yangu yupo Tanga. Nikimwambia namtumia elfu hamsini, jibu ni moja: ahsante mwanangu, na ya kutolea usisahau. Ukituma hamsini kavu umetuma pungufu, hata kama hesabu inasema hamsini. Makato ya wakala ni yaleyale. Kinachogombewa ni nani ayabebe, na nani aonekane bahili.

eBay kwa miaka mingi ilikuwa inamkata muuzaji. Mpaka mwaka 2024, muuzaji binafsi wa Uingereza, yaani mtu kama mimi asiye na duka, alikatwa asilimia 12.8 ya jumla aliyolipa mnunuzi, na juu yake peni 30 kwa kila oda. Na wanaposema jumla wanamaanisha jumla: hadi pesa ya posta ilikatwa. Ukimtoza mtu pauni 3.50 za kupeleka kifurushi, na hizo pia zinamegwa, ilhali wewe unazipeleka zote posta. Viatu vile vya pauni 8 kwa hesabu ya zamani vingekwenda hivi: 8 na 3.50 ni 11.50, asilimia 12.8 ya hapo ni £1.47, ongeza peni 30, umekatwa £1.77. Ukishalipa posta unabaki na £6.23. Ndiyo maana tulikuwa tunasubiri zile wikiendi za punguzo la ada la asilimia 80 kama watu wanaosubiri siku ya gulio. Nilikuwa nakusanya vitu kwenye boksi nyuma ya mlango mwezi mzima, siku ya punguzo navimwaga vyote usiku mmoja.

Kisha Oktoba 2024 likaja tangazo: muuzaji binafsi hakatwi tena kitu kikiuzwa, isipokuwa magari. Nguo za mtumba zilikuwa zimeshasamehewa tangu Aprili mwaka uleule. Ujerumani walikwishafanya hivyo tangu Machi 2023, kwa hiyo halikuwa wazo la usiku mmoja. Kwa maoni yangu hawakufanya kwa huruma. Vinted, soko la mtandaoni la nguo za mtumba, ilikuwa imeshawazoesha watu hapa kwamba anayeuza halipi na anayenunua ndiye analipa ada ya ulinzi, na Depop, soko jingine la nguo, nayo iliondoa asilimia zake 10 kwa wauzaji wa Uingereza mnamo Machi 2024. Nguo za watoto zote za mtaa wetu zilikuwa zimehamia huko. Soko la mtumba bila mtumba ni uwanja mtupu.

Ile miezi minne, Oktoba mpaka Februari, ilikuwa fungate. Hakukuwa na ada kwa muuzaji, na mnunuzi alikuwa bado hajaanza kutozwa. Niliuza blanketi, cherehani ndogo ya mkono, mafumbo ya mbao, na sahani sita zenye maua ambazo mume wangu mpaka leo anadhani zipo juu ya kabati. Kila bei niliyoandika niliipata nzima. Nikaanza kujiona hodari wa biashara.

Fungate likaisha kwa ada ya ulinzi wa mnunuzi. Mwanzoni ilipangwa hivi: peni 75 kwa kila kitu, na juu yake asilimia 4 kwa sehemu ya bei isiyozidi pauni 300, kisha asilimia 2 kutoka hapo hadi pauni 4,000. Inaingizwa ndani ya bei anayoiona mnunuzi, ndiyo maana wifi aliona 9.07. Kwa kitu cha pauni 100 huioni sana. Lakini chukua kitabu cha hadithi cha mtoto cha pauni 2: peni 75 na peni 8 zinafanya 83, kitabu kinasomeka £2.83. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya bei kuongezwa, na posta bado haijatajwa. Vitabu vyangu vilikaa. Nilikuwa na kumi na moja, nikauza viwili, vilivyobaki nikavipeleka duka la hisani na kurudi na mfuko mtupu na roho nyeupe.

Baadaye wakaipanga upya ile ada, na hapa nawapa haki yao: waliona palipokuwa panauma. Zile peni 75 zikashuka kuwa peni 10, na asilimia ikawa 7 kwa pauni 20 za kwanza, 4 kutoka 20 mpaka 300, na 2 kutoka 300 mpaka 4,000. Kitabu cha pauni 2 sasa kinaonekana £2.24. Viatu vya 8 vinaonekana £8.66. Hapo mtu anaweza kununua bila kukunja uso.

Sasa, swali ambalo shoga zangu huniuliza kazini ni moja: kwani wewe umepata au umepoteza? Nawajibu kwa mfano wa cherehani, ile kubwa ya umeme niliyoiuza pauni 60. Kwa utaratibu wa zamani, na posta ya pauni 8, ningekatwa pauni 9 kamili. Kwa utaratibu wa sasa silipi hata peni. Mnunuzi anaongezewa £3.10, anaiona kwa £63.10. Ukichukua kalamu, jumla ya kinachochukuliwa na soko imeshuka, tena sana. Anayekuambia kwamba zamani ilikuwa nafuu amesahau zile asilimia 12.8 za posta. Mimi sijasahau, nina daftari.

Lakini kuuza hakuishii kwenye kalamu. Zamani makato nilikuwa nayaona mimi peke yangu, usiku, mambo yakishaisha. Mnunuzi alikuwa haoni kitu, anaona pauni 60 na picha ya cherehani. Sasa anayeyabeba ndiye yuleyule ninayembembeleza anunue. Anaona bei yenye peni za ajabu ajabu, £63.10, £8.66, £2.24, bei ambazo binadamu wa kawaida hawezi kuziandika mwenyewe. Ananitumia ujumbe: "Kwa nini usifanye 60?" Nami nimeshafanya 60! Sasa nimuelezeje kwamba mimi na yeye tunasema jambo moja? Nikishuka ili yeye aone 60, ile ada imenirudia mimi kwa mlango wa nyuma, na mara nyingi hivyo ndivyo inavyokuwa. Mnunuzi wa mtumba ana namba moja kichwani. Hataki kujua ya kutolea ni ya nani.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna karatasi kwenye friji. Binti yangu wa miaka 14 ndiye aliyeipigia hesabu, maana mimi na aljebra tuliachana zamani. Inasema: ukitaka ionekane 5, andika 4.58. Ukitaka ionekane 10, andika 9.25. Ukitaka ionekane 20, andika 18.60. Kisha chini ameandika kwa kalamu nyekundu, "Mama usijumlishe kichwani." Tangu niifuate karatasi ile, ujumbe wa kwa-nini-usifanye umepungua. Nakatwa kidogo kwa hiari yangu, lakini nauza.

Haya, posta. Watu wanalalamikia ada, mimi naona hapa ndipo pamebadilika zaidi kwa sisi wa kabatini. Zamani nilikuwa natoza posta mwenyewe. Nikijua kitu kinaingia kwenye bahasha, natoza kidogo. Nikiona boksi kubwa naongeza. Nikiwa na mnunuzi wa vitu viwili navifunga pamoja namrudishia tofauti. Mwaka 2025 wakaleta Simple Delivery, na kwa vitu vingi vya wauzaji binafsi ndiyo njia yenyewe. Mnunuzi analipa posta moja kwa moja kwa eBay, mimi naletewa lebo au msimbo wa QR kwenye simu, nafunga kifurushi, nakipeleka. Pesa ya posta haipiti tena mikononi mwangu.

Kwa mtu anayeanza, hii ni raha tupu. Huna haja ya kujua bei za Royal Mail wala Evri, kampuni za kusafirisha vifurushi, huna haja ya printa. Unachohitaji ni mizani. Mimi natumia ile ya jikoni ya kupimia unga: naweka bakuli, juu ya bakuli boksi, naondoa uzito wa bakuli, naandika. Tena eBay wenyewe wanasema kifurushi kilichosafiri kwa lebo yao kikipotea, muuzaji haachwi peke yake. Hilo si dogo. Zamani kifurushi kikipotea ulikuwa unagombana pande mbili, mnunuzi huku na posta kule, wewe katikati kama mpira.

Kwa mzoefu, ni kunyang'anywa usukani. Ule ujanja mdogo wa kufunga vitabu vitatu kwenye boksi moja la nafaka za kifungua kinywa ulilogeuza ndani nje, ule ndio uliokuwa unanipa nafuu kwenye vitu vya bei ndogo. Mtu wa kuuza cherehani hataona tofauti. Mtu wa kuuza kitabu cha pauni 2 ataona, kwa sababu posta inaweza kuzidi kitabu.

Nikishafunga, napeleka duka la kona karibu na Narborough Road, linapopokelewa vifurushi. Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Mwenye duka ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja, akaja Leicester mwaka 1972 pale Idi Amin alipowafukuza. Mara ya kwanza alinisikia nikizungumza na mama kwenye simu, akaweka chini mashine yake ya kusomea misimbo, akasema, "Wewe toka wapi, mama? Mombasa?" Nikamwambia Tanga. Akafurahi kama nimemtajia kwao. Kiswahili chake ni kile cha dukani, hakina ngeli hata moja iliyonyooka, na ni kitamu kupita kiasi. Sasa nikiingia namwamkia, "Shikamoo mzee," naye anajibu marahaba, halafu: "Leo mzigo iko ngapi?" Nikimwambia tatu, anasema, "Biashara iko nzuri." Nikimwambia moja, anasema, "Mungu iko." Yeye ndiye aliyenionya kwamba nisiondoke dukani bila risiti ya kuonyesha kifurushi kimepokelewa, hata foleni ikiwa mpaka mlangoni. Ushauri huo umeniokoa.

Umeniokoa kwa sababu ya ile cherehani: risiti ilikuwa ushahidi wangu kwamba niliikabidhi. Baada ya kuuza, pesa haiji papo hapo. Kwa utaratibu wa sasa inakaa kwenye salio lako la eBay, na inakuwa huru siku kama mbili baada ya kuthibitishwa kwamba kifurushi kimemfikia mnunuzi. Kama hakuna ufuatiliaji wa kuonyesha kimefika, unasubiri mpaka wiki mbili. Ikishakuwa huru unaweza kuitumia kununulia kitu humo humo au kuihamishia benki. Utaratibu wenyewe una akili, unamlinda mnunuzi dhidi ya matapeli, na matapeli wapo. Lakini unamaanisha kwamba mfuko wangu sasa umefungwa kwenye gari la mtu mwingine.

Cherehani ilichukuliwa na kampuni moja ya usafirishaji ambayo jina lake naliacha. Siku ya kwanza: imepokelewa. Siku ya pili: ipo kituoni. Siku ya tatu mpaka ya nane: ipo kituoni. Nilikuwa naamka alfajiri, kabla ya kuswali naangalia cherehani. Zile pauni 60 nilikuwa nimeshazipangia kazi, mchango wa harusi ya binamu yangu Tanga, na kamati ya harusi haina huruma: katibu anabandika orodha kwenye kundi la WhatsApp kila jioni, walioahidi na waliotoa, na jina langu linaning'inia upande wa walioahidi kama nguo iliyosahauliwa kambani. Siku ya tisa ikafika, boksi limebonyea pembe moja, cherehani nzima. Mnunuzi akashukuru. Pesa ikafunguka siku ya kumi na moja. Wakati huo nilikuwa nimeshakopa kwa mume wangu nikatuma, na mweka hazina akanijibu: "Imefika dada, ahsante. Ila hukuweka ya kutolea."

Kuna jambo jingine lililowatia watu hofu kipindi hichohicho, wakalichanganya na ada. Tangu Januari 2024, masoko ya mtandaoni hapa yanatakiwa kukusanya taarifa za wauzaji na kuzipeleka HMRC, mamlaka ya mapato, na ripoti za kwanza zilikuwa zipelekwe kufikia tarehe 31 Januari 2025. Anayeripotiwa ni aliyeuza vitu 30 au zaidi kwa mwaka, au aliyepata zaidi ya euro 2,000, ambazo ni kama pauni 1,700. Makundi yetu ya WhatsApp yakawaka moto. Sauti za dakika nne nne: "Jamani wameweka kodi ya nguo za mtumba, futeni akaunti!" Haikuwa kodi mpya. Ukinunua koti la mtoto kwa pauni 30 ukaliuza kwa 9, umepata hasara, na hasara haitozwi kodi. Kodi inamhusu anayenunua ili auze, na hata huyo ana pauni 1,000 za mauzo kwa mwaka wa kodi kabla ya kuanza kujieleza. Mimi mwaka mmoja nilifika vitu 34, Lego ndiyo iliyonifikisha, nikaombwa namba yangu ya National Insurance, yaani ya bima ya taifa. Nikaijaza na maisha yakaendelea. Anayetetemeka ni yule mwenye boksi hamsini za simu gereji anayejiita muuzaji binafsi ili akwepe ada ya wenye maduka. Huyo na atetemeke.

Nimejaribu na kwingine, nisije nikaonekana sijui dunia. Kwa nguo za watoto Vinted ina wateja wengi kuliko eBay, na ada yake wanunuzi wameshaizoea, hawaulizi. Kwa samani nzito natumia Facebook Marketplace, mtu anakuja na gari lake na noti zake, hakuna posta wala ada, gharama yake ni uvumilivu, maana watu ishirini watakuuliza "bado ipo?" na ukiwajibu ipo wanapotea kama wamemezwa na ardhi. Kuna pia yale masoko ya Jumapili ya kuuzia kwenye buti la gari uwanjani. Nilikwenda mara mbili. Pale unalipa kiingilio langoni kabla hujauza hata kijiko, mvua inanyesha, na mteja anakupa peni 50 kwa kitu ulichoandika pauni 3 huku akikutazama usoni. Baada ya kusimama kwenye matope yale, peni 66 za eBay kwenye viatu zikaonekana ni za haki.

Nyumbani nako dada yangu anauza vyake kwa hali ya WhatsApp. Anaweka picha, anaandika "bei maelewano", watu wanampigia, wanakutana stendi, wanashikana mikono. Makato hakuna. Ila mtu asipotokea stendi, nauli ya bodaboda ni yake, na hakuna wa kumlalamikia. Nilipomweleza habari ya ada ya ulinzi wa mnunuzi aliniuliza, "Ulinzi wa muuzaji je, upo?" Nikamwambia upo kiasi. Akacheka sana.

Hukumu yangu, kwa anayetaka nyota: nne kwa vitu vya kuanzia pauni 20 kwenda juu, vile vyenye jina linalotafutwa, kama cherehani, kamera, Lego, vipuri vya mashine za nyumbani. Hapo hakuna soko jingine Uingereza linalokutafutia mnunuzi wa kitu cha ajabu kama eBay. Kitu cha kwanza kabisa kuuzwa humo mwaka 1995 kilikuwa kifaa cha mwanga wa leza kilichoharibika, kikaenda kwa dola 14.83, na roho hiyo bado ipo: mimi mwenyewe nimemuuzia mtu wa Scotland mguu mmoja wa blenda. Nyota mbili na nusu kwa vitu vya chini ya pauni 5. Ada imepungua makali, lakini ada, posta na kusubiri, vikikaa pamoja juu ya kitu cha pauni 2, kitu chenyewe hakionekani. Hivyo vifunge vitano vitano, "vitabu kumi vya miaka 5 hadi 7", uza kama fungu. Mafungu ya nyanya tunayajua tangu tumboni, hatuhitaji kufundishwa na Mwingereza.

Na angalia tangazo lako kwa macho ya mnunuzi kabla hujalala. Fungua kwenye simu ya mtu mwingine, au toka kwenye akaunti yako uitafute kama mgeni. Soma bei anayoisoma yeye. Ingenisaidia mimi kujua hilo kabla ya kubishana robo saa na wifi yangu juu ya viatu ambavyo mwishowe nilimpa bure na nauli ya kuvipeleka nikalipa mwenyewe.

Blenda iliyobaki, ile yenye mguu mzima, nimeiweka jana usiku. Jagi la kioo, kasi tatu, kifuniko kina ufa mdogo nimeuonyesha kwenye picha ya nne. Nimeiandika 18.60. Nyinyi mtaiona ishirini.